Ufa Nyuma ya Ramani

Kabla hakujapambazuka nilisikia bizimu la kwanza likifungwa: tak. Kimya kidogo. Kisha la pili. Kisha la tatu, lile la juu ya goti, ambalo mkanda wake umekakamaa na hauingii mpaka uvutwe kwa nguvu. Mjukuu wangu alikuwa anavaa chuma chake cha mguu gizani, polepole, ili asiniamshe. Mimi nilikuwa macho tangu saa tisa, lakini nilibaki nimejilaza, macho nimeyafumba. Mtoto akikufanyia wema wa siri, mwachie siri yake.

"Bibi," akasema baada ya muda, "najua hujalala."

"Umejuaje?"

"Hukoromi."

"Mimi sijawahi kukoroma maishani mwangu."

"Basi kuna mzee mwingine humu ndani, na mimi namwogopa."

Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hajanyamaza. Ana miaka kumi. Mguu wake wa kushoto ulikataa kukua sawa na mwenzake baada ya homa aliyoipata akiwa mchanga. Mama yake, binti yangu, anafua mashuka ya hospitali katika mji mwingine na huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo tumebaki wawili, na chuma ni cha tatu.

Nilipowasha taa nikaona amevaa sare ya shule, kola imekaa vizuri, soksi amezipandisha. Darasa lake lilikuwa limefungwa wiki tatu zilizopita.

"Sare ya nini leo, mama?"

"Si unaenda kwenye mkutano wa wilaya? Wakikubali mapema, wakisema tufungue leoleo, nani atanisubiri nivae?"

Nilimmiminia chai, nikamkatia mkate, nikaanza kutafuta viatu vyangu vizuri.

Shule yetu iko karibu sana. Kutoka mlangoni kwetu mpaka getini ni hatua mia tatu na kumi na mbili za Chiriku. Amezihesabu yeye mwenyewe, na ukimkosoa atakurudisha mkazihesabu upya. Ndiyo shule pekee ambayo mguu wake unaiweza. Nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtoto mzima wa miguu yote miwili. Mkutano wa siku ile ndio ungeamua kama jengo la darasa lake litatengenezwa, au kama atabaki nyumbani na mimi, avae sare kwa mazoea tu.

Na niseme mapema, kabla mtu hajanitetea: kosa lilianza kwangu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Sikuchaguliwa kwa elimu. Siku ya uchaguzi waliuliza ni mzazi gani anayeshinda nyumbani mchana, na vichwa vyote vikanigeukia. Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kusikiliza, kutikisa kichwa na kuleta birika la chai. Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya elimu ya wilaya.

Kila baada ya miaka mitatu wilaya hupanga ni shule ipi ijengewe, ipi ikarabatiwe na ipi isubiri. Zamani walipanga wenyewe ofisini, sisi tukapata habari zikiwa zimepoa. Mara hii barua ilisema wazazi washirikishwe. Kamati ijaze fomu, kisha afisa mipango aje ajionee na azungumze nasi. Mwalimu Mkuu aliisoma barua ile kwa sauti mara mbili. Alikuwa amekwisha kuandika barua saba kuhusu jengo refu, lile la darasa la nne, la tano na la sita, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ukuta wa darasa la nne, darasa la Chiriku, ulikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka sakafuni. Mkono wa mtoto ulipenya. Watoto walikuwa wakipokezana kalamu humo na wenzao walioko nje.

Tulikaa ofisini kwake, fomu iko mezani.

"Hali ya majengo," akasoma. "Mbaya, inaridhisha, nzuri. Weka alama moja." Akashika kalamu. "Mbaya. Hapa hatuna mjadala."

"Taratibu, Mwalimu," akasema mwenyekiti. Yeye ni mchomeleaji wa mageti, mtu mwenye moyo mkubwa na shati lililojaa matundu ya cheche. "Ukiandika mbaya, watauliza: ni mbaya, na wazazi wapo? Walikuwa wapi muda wote? Nzuri ni majigambo. Mbaya ni kujivua nguo sokoni. Tuweke hiyo ya katikati, ndiyo ya watu wenye adabu."

"Mwenyekiti, ukuta unaanguka."

"Bado haujaanguka."

Wakanitazama mimi, maana nilikuwa mkubwa wao wote. Na mimi kwa kinywa changu nikasema, "Mwalimu, mwanangu, mgeni humpokei kwa kumwonyesha paa linalovuja. Mkaribishe kwanza. Akae, anywe maji, apumzike. Akishakuwa mtu wetu, shida ataziona mwenyewe bila kuambiwa."

"Bibi, huyu si mgeni. Ni afisa."

"Afisa hana miguu? Akifika mlangoni kwako ni mgeni."

Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichopitisha uamuzi. Mwalimu Mkuu naye akatabasamu kidogo, kwa heshima yangu, akaweka alama kwenye "inaridhisha". Palipoandikwa mahitaji matatu ya haraka, mwenyekiti akasema mtu haombi kikubwa siku ya kwanza ya kufahamiana. Tukaandika kengele mpya, mipira miwili na chaki. Mwalimu Mkuu akatia sahihi.

Nililelewa hivyo. Mama yangu kila aliposikia hodi, kabla ya kuitikia alivuta mkeka akauweka juu ya shimo la sakafuni. Sikujua kuwa kuna wageni ambao kazi yao ni kuliona shimo.

Wiki nzima tulitayarisha. Mwenyekiti alileta saruji yake mwenyewe akaziba ufa, mimi nikimshikia ndoo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema akisugua lipu kwa mwiko. "Haya, Bibi, sisi tunaziba."

Tukapaka rangi ya maziwa. Rangi ikaisha kabla ya kufika chini, pakabaki doa la saruji la kimo cha mtoto, nikatoa shauri tutundike ramani kubwa ya dunia kutoka chumba cha walimu. Ikafunika sawasawa, kama iliyokatwa kwa kipimo. Chuo cha ushonaji cha jirani kilituazima madawati ishirini kwa siku moja. Vyoo viwili vilivyotitia tukavitia kufuli, mbele tukapanga makopo ya maua. Mimi nilileta kitambaa changu cha meza na vikombe ambavyo huwa havitoki kabatini.

Chiriku alisimama mbele ya ramani akiitazama.

"Bibi, ufa umekwenda wapi?"

"Umezibwa."

"Umezibwa au umefichwa?"

"Nenda kacheze."

Afisa mipango alikuwa msichana tu, umri wa binti yangu mdogo. Gari lilimwishia mafuta njiani, akatembea, akafika vumbi limempanda mpaka magotini. Sakafu ya ofisi nilikuwa nimeipiga deki asubuhi. Alipoona inang'aa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia pekupeku. Tulipokaa mezani akachukua birika mkononi mwangu akanimiminia mimi kwanza. Nilimpenda palepale.

Alitembea madarasani na fomu yetu mkononi. Katika darasa la nne alisimama muda mrefu mbele ya ramani, akaupitisha mkono ukingoni mwake.

"Ramani nzuri," akasema.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, kama mzazi. Shule mnaionaje?"

"Hatujambo, mwanangu," nikasema. "Tunashukuru."

Mwalimu Mkuu alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Afisa akaandika. Alipoondoka tulibaki na furaha kama watu waliotoka kumwozesha binti. Mwenyekiti alikunywa chai vikombe vinne.

Mvua zilipoanza, lipu ililowa, ikavimba. Jumatatu moja alfajiri, kabla ya watoto kufika, kipande cha ukuta cha ukubwa wa mlango kilianguka ndani ya darasa la nne, juu ya madawati matatu ya mbele. Moja lilikuwa la Chiriku. Hukaa mbele ili anyooshe mguu. Mlinzi ndiye aliyekuja kutuambia, na alipokuwa akisema alikuwa ameshika kifutio cha Chiriku alichokiokota kwenye kifusi. Alikifuta kwanza kwa shati lake ndipo akampa.

Mhandisi wa wilaya akaja, akagonga kuta kwa nyundo ndogo, akaandika alama nyekundu kwenye milango mitatu. Jengo refu likafungwa. Wiki ileile lilifika gari la wilaya. Sote tulikimbilia getini, tukidhani ni saruji. Walishusha kengele mpya ya shaba, mipira miwili na maboksi ya chaki, pamoja na barua: mahitaji yote yaliyotajwa na wazazi yametekelezwa. Darasa la nne mpaka la sita watahamia shule ya ng'ambo hadi jengo litakapokarabatiwa. Nasi katika rasimu ya mpango wa miaka mitatu hatumo, kwa sababu majengo yetu yanaridhisha.

Kengele ile ina sauti nzuri. Ilisikika mpaka jikoni kwangu, ikiita watoto wa madarasa ya chini. Kila ilipolia, Chiriku alinyamaza.

Lakini rasimu ilikuwa haijatiwa saini. Kulikuwa na mkutano mmoja wa mwisho wa kusikiliza wazazi na kamati za shule, na ndio huo niliouendea asubuhi ile, viatu vikinibana.

Mwalimu Mkuu alinisubiri nje ya ukumbi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi, leo sema kila kitu," akasema.

"Nikisema kila kitu, mwanangu, sahihi ni yako."

"Najua ni yangu. Wewe ukisimama usinitazame mimi. Tazama mbele."

Akanishika kiwiko tukaingia. Viti vilikuwa vya plastiki, feni ya juu ikizunguka kwa kulalamika. Mezani mbele walikaa watatu: Mkuu wa Elimu aliyepandisha miwani yake kwenye paji la uso, karani, na yule afisa mipango wetu. Aliponiona aliinamisha kichwa kunisalimu. Kila shule ilipewa dakika tatu.

Kabla yetu alisimama mama mmoja wa shule ya bondeni, muuza mboga kwa kazi. Alikuwa na picha za vyoo vilivyobomoka, kubwa, amezibandika kwenye kadibodi.

"Sisi tulijaza mbaya," akasema. "Fomu haikuwa na mbaya sana, tungeiweka. Watoto wetu wa kike wanajisaidia vichakani. Nikisema naona haya, lakini nasema."

Wilaya ilikuwa imewapa vyoo na vyumba vinne. Nilimpigia makofi pamoja na wengine. Nilifikiri: huyu naye ana mama aliyemfundisha kutandika mkeka, lakini yeye aliukunja.

Zamu yetu ikafika. Mwenyekiti alisimama, akavua kofia, akaketi tena. "Bibi, mimi siwezi," akaninong'oneza. "Chuma nakiweza. Hawa siwezi."

Nikasimama mimi.

"Shikamooni," nikasema, na watu wakacheka kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani. Kicheko kile kilinisaidia. "Mimi ni mzazi wa shule iliyopewa kengele. Tunaishukuru kengele. Lakini tulidanganya. Hatukutaka kudanganya, tulitaka kupokea mgeni. Ufa ulikuwepo kabla ya mvua. Tuliuziba kwa saruji ya juujuu, na pale rangi ilipoisha tukatundika ramani. Madawati tuliazima. Vyoo tulivitia kufuli. Shauri la ramani lilikuwa langu, vikombe vilikuwa vyangu, na aliyeulizwa shule ikoje akasema hatujambo ni mimi. Mwalimu Mkuu alitaka kuandika mbaya. Nilimzuia mimi. Naomba mtuandike upya, kwa hali yetu ya kweli."

Mkuu wa Elimu alishusha miwani akaangalia karatasi.

"Bibi, sahihi hapa ni ya Mwalimu Mkuu."

"Mkono ni wake. Maneno ni yangu."

"Serikali inasoma mkono." Hakusema kwa ukali. Alionekana mtu aliyechoka, na nadhani alikuwa amelala kidogo kama mimi. "Nakuelewa, Bibi. Hata kwetu mgeni hufichwa mengi. Lakini sikiliza. Fedha za miaka hii mitatu zimekwisha kugawanywa, shule kwa shule. Sina fungu pembeni. Nikiwarudisha ninyi, lazima nimtoe mmoja wa waliomo humu. Umeyasikia maelezo yao tangu asubuhi. Niambie wewe, nimtoe nani?"

Aliuliza kweli, akasubiri. Niligeuka nikatazama viti. Yule mama wa bondeni alikuwa ameikumbatia kadibodi yake kifuani, kama mtu anayemkinga mtoto na baridi. Alinitazama machoni. Moyoni nilimwona Chiriku kwenye mlango wetu na sare yake. Nilijua kwamba nikisema neno moja, "hao", wangeanza kujadili, na huenda tungepata hata chumba kimoja. Mguu mmoja wa mtoto wangu dhidi ya vichaka vya watoto wake.

"Sina wa kumtoa," nikasema.

"Basi kaa, Bibi. Tutawaweka wa kwanza kwenye mpango unaokuja."

"Baada ya miaka mitatu?"

"Baada ya miaka mitatu. Mwalimu Mkuu, wewe utabaki baada ya kikao."

Nilikaa. Mwenyekiti alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kama kamba. Mwalimu Mkuu alinishika mkono, nami niliona aibu zaidi kuliko kama angenitukana.

Nje nilikaa kwenye ngazi nikimsubiri Mwalimu Mkuu. Afisa mipango akatoka, akaketi kando yangu na sketi yake ya kazini, bila kupangusa vumbi.

"Mama, nataka nikuambie jambo," akasema. "Rangi ilikuwa bado mbichi siku ile."

"Wapi?"

"Darasa la nne. Harufu ilinipokea mlangoni. Nilipogusa ukingo wa ramani, kidole kilitoka na unga wa saruji. Nilijua kuna kitu nyuma yake."

Nilimgeukia. "Ukajua na hukufunua?"

"Mlikuwa mmesimama wote, mmependeza. Wewe ulikuwa umeshika sinia la vikombe. Niliona nikifunua nitawavunjia heshima mbele ya watoto." Alitazama viatu vyake. "Nikajiambia fomu yao imesema inaridhisha, wenyewe wanajua zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuifunua. Sijalala vizuri tangu ukuta uanguke."

Nilikaa nikitazama watu wakishuka ngazi. Nilitaka kumkasirikia, nikaitafuta hasira ndani yangu nisiipate. Msichana aliyeivulia viatu sakafu yangu angewezaje kuivua ramani yangu?

"Mwanangu," nikasema, "tumeuana kwa adabu."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Akasema ataandika ombi la dharura, lakini hataki kunidanganya, maombi ya dharura yako mengi na karatasi hulala. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Nilifika nyumbani jua likiwa linaegemea magharibi. Chiriku alikuwa amekaa kizingitini na sare yake, begi mapajani.

"Wamefungua?"

"Bado, mama."

"Kesho?"

"Kesho bado."

"Keshokutwa?"

Nikakaa chini karibu yake. Nilimweleza yote, hata la yule mama wa bondeni. Mtoto hadanganywi mara mbili katika jambo moja. Alisikiliza bila kunikatiza, na kwake hilo ni jambo kubwa.

"Ungewataja wao," akasema mwishowe.

"Ningeweza."

"Wangelia."

"Wangelia."

Alifikiri. "Mimi nalia pia," akasema, akalia, na mimi nikamshika.

Mwalimu Mkuu aliondolewa ukuu. Sasa anafundisha darasa la kwanza palepale, chini ya mkuu mpya. Alikuja nyumbani mwenyewe kutuambia, na hakuja mikono mitupu: alimletea Chiriku vitabu vyote vya darasa la nne, vya kwake, amevifunika kwa magazeti. Alijaribu kumfundisha jioni pale kwetu, siku mbili, siku tatu. Lakini ana watoto wake, na mume mgonjwa, na madaftari tisini ya kusahihisha. Niliona anasinzia akiwa ameshika kalamu. Ndipo nilipompigia simu mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu anakaa ng'ambo, juu ya kilima, nyumba mbili kutoka shule ile. Hatujaelewana sana tangu utoto. Yeye husema mimi nilipendwa, mimi husema yeye alidekezwa.

"Niletee mtoto," akasema kabla sijamaliza. "Umekaa unafikiri wiki ngapi?"

"Anasema sana."

"Afadhali. Huku nasema na redio, na yenyewe hainijibu."

"Anakula polepole."

"Na mimi meno nimebakiwa na matano, tutamaliza pamoja. Dada, mlete. Wewe ulishalea wa kwako na wa wenzako. Wacha kiburi."

Chiriku hakubisha. Alifunga vitu vyake mwenyewe kwenye begi moja. Usiku wa kwanza bila yeye sikuzima taa.

Zilipita wiki tatu kabla sijaweza kwenda, maana kifua kilinibana na mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilifika Jumapili asubuhi. Mdogo wangu alikuwa amehamishia kitanda chake sebuleni na kumwachia mtoto chumba, kwa sababu chumba kile hakina ngazi. Hakunitajia. Niliona tu mto wake kwenye kochi, na shuka lililokunjwa haraka haraka chini ya meza.

"Unalala wapi wewe?" nikamwuliza.

"Ninapotaka. Nyumba yangu," akanijibu, akageuka kuchemsha maji.

Chiriku alikuwa amekonda kidogo. Alinisalimia vizuri, akanibusu mkono, akakaa. Nilisubiri yale maneno yake yamwagike, hayakumwagika.

"Darasani mko wangapi?"

"Themanini na mbili. Tunaotoka kule tunakaa nyuma. Mimi nakaa mlangoni, chuma kisimkwaze mtu."

"Unasikia anachosema mwalimu?"

"Siku isiyo na upepo."

"Na wenzako wanakuitaje?"

"Chuma," akasema. Akaona uso wangu. "Lakini yuko mmoja hanibandiki jina. Kila asubuhi ananisubiri pale kwenye nguzo ya umeme, anachukua begi langu, anatembea. Hasemi kitu. Wala jina lake sikulijua mpaka juzi."

"Humwulizi chochote? Wewe?"

"Siku hizi sisemi sana, Bibi. Nikisema wananigeukia wote."

Mdogo wangu alisimama mlangoni na vikombe, akasikia, akarudi jikoni navyo. Tulikaa mchana wote. Nilimsuka nywele. Alinisomea ukurasa wa kitabu cha Mwalimu, akisoma kwa sauti ndogo, kama anayesoma ndani ya nyumba ya watu. Nilimwambia afisa mipango ameandika ombi na hajajibiwa. Aliitikia kwa kichwa bila kuuliza zaidi.

Jioni alinisindikiza mpaka kwenye nguzo ile ya umeme. Kupita hapo kuna mteremko na mguu wake hauutaki. Nilimwambia arudi, giza linakaribia. Hakurudi. Alishika ncha ya mtandio wangu akaizungusha kidoleni, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitatu.

"Bibi, utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nikipata nguvu."

"Siyo nikipata nguvu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda. "Jumapili. Siyo ile nyingine, hii inayokuja. Bibi Mdogo atakutengenezea pa kulala, nimeshamwuliza. Njoo hii inayokuja."